Kwa Somo: Mwenzangu anataka Mji Mkongwe, mimi nataka bahari

BARUA

Somo, asalaam aleikum.

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya hapa Jinja, nina umri wa miaka 29, na inshallah mwanzoni mwa Mei nitafunga ndoa na mwalimu anayesomesha historia katika shule ya sekondari upande wa Iganga. Kwanjula, yaani sherehe ya kutambulishana familia, ilikwisha vizuri, mahari imepokelewa, kamati ya harusi inakutana kila Jumapili, na kwa jumla sina la kulalamikia isipokuwa jambo moja ambalo watu wa nyumbani wananiambia ni dogo, ijapokuwa limetufanya tusizungumze siku mbili nzima. Hatujakubaliana fungate yetu tukaifanyie wapi.

Mwenzangu anataka twende Unguja na tukae Mji Mkongwe siku zote saba. Kwa miaka tisa amekuwa akiwasomesha watoto habari za Seyyid Said, mashamba ya karafuu na misafara ya pembe na watumwa, na yeye mwenyewe hajawahi kwenda mbali zaidi ya Kisumu. Anasema kila anapochora ramani ubaoni na kuweka nukta ya Zanzibar huona haya, kwa kuwa anawaeleza wanafunzi mahali asipopajua. Ameshaandika katika daftari orodha ya majumba, misikiti na makumbusho ambayo lazima tuyaone, na nilipoihesabu nilikuta vituo 23.

Mimi nataka Diani, ufukwe ulio kusini mwa Mombasa. Sitaki mtu wa kunitembeza, sitaki ngazi, sitaki kuambiwa tuamke mapema. Tangu Januari nimekuwa nikishika zamu za usiku za wenzangu ili nijilimbikizie siku za mapumziko, na ninapofumba macho kuiwaza fungate, ninachokiona ni mchanga, kitanda, na watu wasioniita "sista". Bahari yenyewe sijawahi kuiona isipokuwa kwenye simu. Nilipomweleza hayo alinijibu kwamba maji ni maji, na kwamba mtu aliyezaliwa penye chanzo cha Nile hana sababu ya kulipa nauli kwenda kuyatazama. Nami kwa hasira nikamwambia kwamba kuta kuukuu ni kuta kuukuu, na majumba ya zamani ya Wahindi yamejaa hapa Jinja, aende akayasome bure. Hapo ndipo tuliponuniana.

Tumetenga shilingi milioni nne na nusu kwa ajili ya safari. Mimi nina likizo ya siku kumi, naye ana likizo ya Mei baada ya muhula wa kwanza. Shangazi yake anaishi Mombasa, katika Mji wa Kale, na ameshatuma ujumbe kwamba tukikanyaga pwani, iwe pwani yoyote, ni lazima tulale kwake, na chumba kimekwisha pakwa rangi. Kaka yangu anasema tuache anasa twende visiwa vya Ssese, hapa hapa katika Ziwa Viktoria. Mjumbe mmoja wa kamati, mtu mwenye uwezo wake, alisimama katika kikao akasema kwamba watu wa siku hizi wanakwenda Shelisheli, akaketi bila kutaja nani atalipa.

Yapo na mengine mawili. Sijui kuogelea, na ninavaa hijabu, kwa hiyo rafiki zangu wananicheka wakiuliza nitafanya nini ufukweni. Pia limetajwa wazo la kuahirisha, lakini naliogopa sana, kwa sababu dada yangu aliahirisha fungate yake mpaka "mambo yatulie", na leo ana watoto watatu na hajafika hata Busia kwa matembezi.

Nisaidie, Somo, na kama mimi ndiye mwenye makosa uniambie.

Bibi Harusi Mtarajiwa, Jinja

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu, na Mwenyezi Mungu awafikishe salama siku yenu. Jambo lako si dogo na wala huna kosa la kuombea radhi, ila nyote wawili mmegombea mahali kabla ya kuutazama mwezi wenyewe, na mwezi ndio utakaoamua zaidi kuliko hoja zenu zote.

Mei katika pwani ni masika. Mvua kubwa huanza Machi, hukaza Aprili na Mei, na hupungua kuanzia Juni upepo wa kusi unapokuwa umeshika. Sisi wa huku ziwani tumezoea mvua ya alasiri inayopiga kwa saa moja kisha jua likatoka, kwa hiyo mtu wa pwani akitutajia mvua tunadhani ni hiyo hiyo. Mvua ya masika yaweza kuanza kabla ya alfajiri, ikapumzika kidogo adhuhuri, ikarudi jioni kama mtu aliyesahau kitu, huku bahari ikigeuka kijivu na mchanga ukilowa usiweze kulaliwa. Hoteli nyingi za ufukweni huteremsha bei zao katika miezi hiyo, na nyingine hufunga kabisa ili zifanye ukarabati, na msafiri anayeziona bei hizo kwenye simu hujiona ana bahati. Mimi nilikuwa na bahati ya namna hiyo mwaka mmoja, nikaenda kusini mwa Mombasa katikati ya Mei, katika hoteli ambayo sitaitaja, nikakuta wageni tuko sita, bwawa limekaushwa lipakwe rangi, na mpishi mkuu amekwenda likizo. Siku nne nilicheza karata na askari wa zamu, na alinishinda.

Mjini hali ya Mei ni nafuu kidogo, kwa sababu makumbusho yana paa, na vichochoro vya Mji Mkongwe vina baraza na vibanda vya kujikinga. Kwa hiyo kama ungenilazimisha nichague kwa ajili ya Mei peke yake, ningempa mwenzako ushindi, nawe ungenichukia kwa haki, maana usingizi unaoutafuta hutaupata kwa kuruka madimbwi nyuma ya mtu aliyeshika daftari.

Sasa nakuomba utenganishe mambo mawili ambayo siku hizi tumeyafunga katika kifurushi kimoja. Neno fungate lenyewe lina saba ndani yake; ndugu zetu Wagiriama wa pwani ya Kenya hata leo wakihesabu, baada ya sita husema "fungahe". Kwa desturi ya Waswahili, fungate ilikuwa zile siku saba ambazo bwana na bibi harusi walikaa ndani, wakiletewa chakula na jamaa, bila kufanya kazi na bila kutembeleana na watu, ili wapate kuzoeana. Hapakuwa na ndege wala hoteli. Safari ya matembezi imeingia baadaye, nayo ni jambo jema, ila si lazima ianze kesho yake baada ya harusi, wakati wewe una uchovu wa miezi minne ya zamu za usiku na mwenzako ana uchovu wa kusahihisha mitihani na wa vikao vya kamati. Kwa maoni yangu, fungate yenu ifanyeni Mei, hapo hapo Uganda, ndani ya nyumba yenu mpya ikiwa iko tayari, au katika nyumba ya kupanga ya siku saba mahali ambapo hakuna shemeji anayeweza kufika kwa bodaboda. Mwombe ssenga wako, shangazi yako wa upande wa baba, asimamie chakula kiletwe mlangoni, nanyi mzime simu. Wewe lala. Nimezungumza na wauguzi wengi katika maisha yangu, na sijapata kumwona hata mmoja ambaye siku tatu za mwanzo za mapumziko yake hakuzimaliza kwa usingizi. Ni hasara kuzilipia bei ya hoteli ya pwani.

Safari yenyewe nawashauri mwifanye katika likizo ya muhula wa pili, mwishoni mwa Agosti na mwanzo wa Septemba. Wakati huo pwani ni kavu, joto si kali, na kusi linapuliza. Agosti watalii wa Ulaya ni wengi na vyumba huwa ghali, kwa hiyo kadiri mtakavyoisogeza safari kuelekea Septemba, ndivyo mtakavyopata nafuu. Wewe gawa zile siku kumi zako: tatu uzitumie Mei pamoja na siku zako za kupumzika za kawaida, na saba uziweke, lakini mweleze msimamizi wako wa wodi leo, kwa maandishi, kabla ratiba ya Agosti haijapangwa.

Najua hapo umekunja uso, kwa sababu umemkumbuka dada yako. Hofu yako ina msingi. Fedha iliyohifadhiwa kwa ajili ya starehe, katika familia zetu, ina ndugu wengi: kuna karo ya mdogo wenu, kuna bati lililoezuliwa kijijini, kuna mgonjwa, na hakuna kati ya hao unayeweza kumwambia kwamba unaweka akiba ya kwenda kuogelea. Dada yako hakukosea kuahirisha. Alikosea kuahirisha bila tarehe na bila tiketi. Kwa hiyo tiketi zenu za ndege zikatwe kabla ya harusi, wiki hii kama inawezekana, na malazi yalipiwe angalau nusu, na mchague tiketi ya aina isiyorudishiwa fedha, ambayo kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini. Kwa wengine ningesema ni hatari. Kwenu ninyi ndiyo kufuli. Atakayekuja Juni na shida yake atakuta hakuna cha kukopa, nanyi mtakuwa mmesema kweli. Milioni nne na nusu kwa watu wawili, kwa ndege na siku saba za pwani, inabana; lakini ikiwa ndege na amana ya malazi vimelipwa sasa, mna miezi mitatu ya mishahara miwili ya kuongezea chakula na usafiri wa huko.

Sasa nije kwenye mji na bahari. Mwenzako amechagua kisiwa bila kukiangalia vizuri. Unguja ni kisiwa ambacho mtu anaweza kutoka Mji Mkongwe asubuhi na kufika ufukwe wa mashariki kabla chai ya thermosi haijapoa, kwa mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Kwa hiyo ugomvi wa Zanzibar na Diani hauna lazima. Zanzibar inayo bahari yako, na Diani haina mji wake. Ila nakataa katakata ule ugawaji ambao mawakala wengi wa safari watawapendekezea, yaani mkae ufukweni wiki nzima na siku moja mpelekwe mjini kwa gari la watalii kumi na wanne, mrudishwe jioni. Huko ni kumpa mwenzako mabaki. Mji ule hupendeza alfajiri, wachuuzi wanapofungua milango na paka wakiwa bado wamelala juu ya baraza, na hupendeza tena baada ya magharibi; wanaokuja kwa safari ya siku moja huuona katika saa za joto peke yake, kisha husimulia kwamba Mji Mkongwe unachosha.

Mimi ningeanza na usiku nne wa bahari na kumaliza na usiku tatu wa mji. Mpangilio huo una sababu. Mtu aliyekwisha lala na kula na kutazama maji kwa siku nne huanza mwenyewe kuuliza maswali, na siku ya tano ukimwonyesha mlango wa nakshi atataka kujua nani aliuchonga. Lakini mlango huo huo ukimwonyesha siku ya kwanza, ataona ni ubao. Zaidi ya hayo uwanja wa ndege uko karibu na mji, kwa hiyo siku ya kuondoka hamtakimbizana na barabara.

Kuhusu upande wa kisiwa, fahamu kwamba bahari za Unguja si moja. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali yanapokupwa, mtu anaweza kuingia saa yoyote, na kwa sababu hiyo ndiko kwenye watu wengi, muziki wa usiku na bei za juu. Mashariki, kuanzia Matemwe hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, maji yakipwa hurudi nyuma mpaka unaona mwamba kwa mbali na mawimbi yakipasuka juu yake, na katikati hubaki mchanga, vidimbwi na mashamba ya mwani yanayolimwa zaidi na wanawake wa vijijini. Watalii wengi hulalamika kwamba wamelipia bahari na bahari imeondoka. Wewe usiyejua kuogelea ndiye hasa unayefaa kwenda huko. Maji yakiwa nusu, ndani ya mwamba huwa kina cha magoti na kiuno. Yakipwa, utatembea juu ya sakafu ya bahari ukiwa umeshika viatu mkononi, ila uvae makubazi ya mpira kwa ajili ya shokoshoko, wale viumbe wa bahari wenye miiba, na urudi maji yanapoanza kujaa, maana hurudi haraka kuliko mgeni anavyodhani. Uliza pia kama siku zenu zitaangukia bamvua, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, au maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Agosti kusi huvuma kwa nguvu upande huo, na pale Paje utawaona vijana wakivutwa juu ya maji na matiara makubwa. Kama unataka kimya, ningekaa Jambiani.

Na hapo ndipo utakapomjibu mwenzako kwa upole kuhusu ile kauli ya maji ni maji. Ziwa letu halipwi wala halijai kwa namna ambayo jicho linaiona. Mwalimu wa historia aliyewaeleza watoto kwamba majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, bila yeye mwenyewe kupata kusimama ufukweni akausikia upepo huo ukivuma mfululizo kutwa nzima, anaikosa nusu ya somo lake. Kilichouleta mji anaoutamani ni bahari hiyo hiyo anayoidharau.

Hijabu isikusumbue. Hao rafiki zako wanaifikiria pwani ya matangazo. Jambiani ni kijiji cha Waislamu, wanawake wake huingia majini kila siku wakiwa wamejifunga kanga na vichwa vimefunikwa, na wageni ndio wanaoombwa wajistiri wanapopita kijijini. Chukua baibui jepesi la kitambaa kinachokauka upesi, au lile vazi la kuogelea lililofunika mwili, na utakuwa umevaa kama wenyeji kuliko mtu mwingine yeyote hotelini.

Sasa ile orodha ya vituo 23. Mji Mkongwe ni mdogo. Mtu mwenye miguu mizuri huukata toka upande hadi upande kwa chini ya nusu saa, na asipopotea njia hajaufurahia. Kwa siku tatu vituo saba vinatosha, na vingine mtavikuta mkiwa mnatafuta juisi ya miwa. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwashinda Wareno, ibaki. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilibomoka sehemu yake Desemba 2020, kwa hiyo mweleze mapema asije akavunjika moyo, alitazame kwa nje na aulize hali yake mkifika. Bustani ya Forodhani jioni ni lazima, kwa mishikaki na kwa urojo, na huko hakuna atakayehitaji daftari.

Kuna kituo kimoja ninachotaka mkipange kwa makini, nacho ni Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, na ambapo kanisa kuu la Kianglikana lilijengwa juu ya kiwanja hicho hicho. Uani kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa mnyororo shingoni. Msiende siku ya kwanza, wala msiende mkiwa na miadi ya chakula cha mchana baada ya hapo. Nimewaona wachumba wakitoka pale wakiwa hawawezi kuongea, na nimewaona wengine wakipiga picha za kukumbatiana mbele ya ile minyororo, na sijui ni lipi kati ya hayo lililonihuzunisha zaidi. Nendeni asubuhi ya siku ya pili, kisha mtembee polepole mpaka pwani mkae.

Mwambie pia kwamba hana haja ya kuiona Zanzibar kama historia ya watu wengine. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suuna II, mfalme wa Buganda, mwaka 1844, na kupitia wafanyabiashara kama yeye ndiyo dini yetu na lugha hii ninayokuandikia zilivyofika Buganda. Speke, mpelelezi wa Kiingereza ambaye Julai 1862 alisimama hapo hapo kwenu Jinja akayatazama maji yakitoka ziwani, safari yake ile aliianzia Zanzibar mwaka 1860. Mnasafiri kwa kuifuata njia ya nyuma, toka ilikofika hadi ilikoanzia. Na kama tiketi zenu zitaangukia tarehe 27 Agosti, atakuwa mjini au karibu yake siku ya kumbukumbu ya vita vya mwaka 1896 kati ya Uingereza na Zanzibar, ambavyo havikumaliza saa moja. Hebu mwache akusimulie hicho kimoja mkiwa mmekaa juu ya paa na kikombe cha kahawa; ni kisa kifupi, kama vita vyenyewe.

Shangazi wa Mombasa anataka jibu lake peke yake. Kulala kwake msilale, hata kama mngekwenda Mombasa. Chumba kilichopakwa rangi na shangazi wa mume kina masikio, na bibi harusi anayelala humo ataamka saa kumi na moja kusaidia kukanda maandazi, hata kama hakuna aliyemwambia. Lakini kukataa si kazi yako. Mume wako ndiye atakayempigia, si kwa ujumbe wa simu bali kwa sauti, amwambie kwamba mnakwenda Unguja, na kwamba Desemba, shule zikifungwa, mtakwenda kumwona yeye mahususi, mlale siku mbili, mle chakula chake. Mkiwa na zawadi ya kahawa ya Bugisu na kanga nzuri mliyomnunulia katika soko la Darajani, Unguja, atasahau rangi ya ukuta.

Kaka yako ana hoja juu ya gharama. Ssese ni pazuri, na kivuko cha kutoka Nakiwogo hadi Kalangala kina raha yake. Lakini wewe ni muuguzi na unajua kichocho katika maji ya ziwa kuliko mimi, kwa hiyo huko mtakaa ukingoni mkitazama, na kwa kutazama mwenzako atakuwa amesema kweli kwamba Jinja inatosha. Ama mheshimiwa wa Shelisheli, mwambieni mwalimu amkumbushe kwamba Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega, mfalme wa Bunyoro, walikamatwa mwaka 1899, kisha wakapelekwa visiwa hivyo kwa gharama ya Waingereza, na Mwanga alifia huko mwaka 1903. Akitaka kulipa yeye, atulipie na sisi.

Ikiwa Agosti itashindikana kwa sababu isiyozuilika, kama vile likizo yako kukataliwa, msiende Zanzibar Mei kwa ukaidi. Nendeni Mombasa kwa njia ya nchi kavu: basi la kutoka Jinja hadi Nairobi, mlale usiku mmoja mpumzike, kisha treni ya reli ya kisasa, SGR, hadi Mombasa, ambayo huchukua saa tano au sita. Kwa Kenya vitambulisho vyenu vya taifa vinatosha kuvukia mpaka. Kaeni mjini siku nyingi zaidi, mwenzako apate ngome ya Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na muuache ufukwe wa Diani uwe wa siku ambayo mbingu zitafunguka, maana ni kuvuka Likoni na mwendo usiozidi saa moja na kidogo. Huo ni mpango wa pili, na naona ni wa pili kwa mbali.

Kwa Zanzibar chukueni pasipoti na vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa tunatoka nchi ambayo ugonjwa huo upo, na chanjo ifanyike angalau siku kumi kabla ya kusafiri. Zanzibar pia imekuwa ikiwataka wageni wawe na bima yake ya kusafiria tangu Oktoba 2024, kwa hiyo mkikata tiketi ulizeni kiwango cha raia wa Afrika Mashariki. Ndege nyingine hupitia Nairobi, Dar es Salaam au Kilimanjaro. Kama tofauti ya nauli ni ndogo, lipeni iliyo ya moja kwa moja. Nakala ya cheti cha ndoa iwe mkobani, kwa sababu majina yenu katika pasipoti yatakuwa bado ni mawili tofauti.

Umeniuliza kama una makosa. Kosa moja ninaliona, nalo ni kwamba ulimwambia unataka Diani, hukumwambia umechoka. Katika barua yako mimi nimesoma zamu za usiku tangu Januari, kitanda, na kutoitwa sista. Yeye huenda amesikia tu kwamba mchumba wake anaidharau kazi aliyoifanya kwa miaka tisa. Leo usiku mpigie, umweleze habari ya hizo zamu kabla hujataja mchanga wala bahari. Kisha mwombe akuletee lile daftari Jumapili, kikao cha kamati kikiisha, na uende na kalamu nyekundu. Vituo saba mvichague pamoja, na kimoja kati ya hivyo kiwe chako.